WASOMI WETU WA BIASHARA WANAMHUDUMIA NANI?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w), Mola wa viumbe vyote, aliyetuhalalishia biashara na kutuharamishia riba. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), ambaye kabla ya kupewa utume alisafiri na mali ya Bibi Khadija (r.a) hadi Sham, akarejea na faida, na amana yote ikiwa imetimia. Ama baad.

Ndugu Waislamu, msimu wa ufuta uliopita, baada ya swala ya Ijumaa hapa Miono, mzee mmoja alibaki msikitini hadi watu walipokwisha kutoka. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa ameuza ufuta wake mnadani kupitia ghala, na fedha aliyoipokea haikulingana na bei aliyoisikia kwa masikio yake ikitangazwa. Karatasi ile ilikuwa na safu za makato: ushuru, gharama za ghala, usafirishaji, magunia, na mengineyo yaliyoandikwa kwa vifupisho. Alikwisha kutembea nayo siku kumi na moja. Alimwonyesha mwalimu wa madrasa, akamwonyesha mwenye duka, akamwonyesha na mwandishi wa makala haya. Sote tuliweza kuzisoma herufi. Hapakuwa na hata mmoja wetu aliyejua hesabu ile imekwendaje.

Siku hiyo alikuwapo kijana wetu mmoja, aliyelelewa katika madrasa hii hii, ambaye sasa anasomea uhasibu katika chuo kimoja cha Dar es Salaam na alikuwa amekuja likizo. Akamwamkia mzee, akaketi naye mkekani, akatoa kalamu. Haikupita robo saa. "Babu," akasema, "hapa umekatwa gharama za magunia mara mbili. Na hapa pana deni la pembejeo. Ulikopa dawa?" Mzee akajibu kwamba hakukopa dawa wala mbolea. Kijana akamwandikia barua, mzee akaipeleka kunakohusika, na baada ya majuma mawili akarejeshewa sehemu ya fedha yake.

Alhamdulillah. Lakini si hilo lililonifanya nishike kalamu. Jioni ile, tukiwa tunangoja Magharibi, nilizungumza na kijana yule, nikapata habari kwamba chuoni ana cheo: yeye ni katibu wa chama cha wanafunzi wa masomo ya biashara. Nikamwuliza chama hicho kimefanya nini mwaka huu. Akanitajia bila kusita. Wametembelea makao makuu ya benki mbili. Wamemwalika meneja wa kampuni ya bima awaeleze juu ya ajira. Wamefanya mashindano ya kuandika wasifu wa kazi na kujibu maswali ya usaili. Na wamemaliza mwaka kwa chakula cha jioni hotelini, kila mtu katika suti. Nikamwuliza tena: je, katika chama hicho, au katika jumuiya yenu ya wanafunzi wa Kiislamu, liko jambo lolote ambalo kwalo karatasi ya mzee huyu ingewafikia? Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa ukweli ulionifanya nimheshimu: "Ustadhi, hapana. Leo imewezekana kwa kuwa nilikuwa nyumbani."

Hebu tuyatafakari maneno hayo. Elimu ambayo ingemwokoa mzee ilikuwapo, tena kwa mtoto wa kijiji hiki, aliyesomeshwa kwa ufuta na mananasi ya kijiji hiki. Lililokosekana ni njia ya kuifikisha. Mzee alipata haki yake kwa sadfa ya likizo. Je, umma wa Muhammad (s.a.w) uendeshe mambo yake kwa sadfa?

Vyama hivi vya wanafunzi wa biashara vina asili yake, na ni vyema msomaji aijue. Huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha New York, wanafunzi wa biashara walianzisha udugu wao uitwao Alpha Kappa Psi mwaka 1904. Wengine wakafuata. Ulaya, baada ya Vita Kuu ya Pili, mwaka 1948 wanafunzi wa uchumi na biashara waliasisi AIESEC, ambayo leo imeenea katika nchi nyingi duniani, Tanzania ikiwamo. Mwaka 1975 Wamarekani walianzisha jumuiya nyingine ya kuwafunza wanafunzi ujasiriamali, ambayo mwaka 2012 ilibadili jina ikaitwa Enactus, na jirani zetu wa Kenya wanaifahamu vizuri katika vyuo vyao. Mbali na hizo, vyuo vyetu vinavyofundisha biashara, kuanzia Chuo cha Elimu ya Biashara kilichoanza mwaka 1965, Chuo cha Usimamizi wa Fedha cha mwaka 1972, Mzumbe, hadi Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, vimekuwa uwanja wa vyama vya aina hii, vingine vikubwa na vingine vya darasa moja.

Hatutakuwa waadilifu tukisema havina faida. Kijana aliyelelewa na mama mjane Kikaro au Mkange, ambaye hajapata kuzungumza mbele ya watu ila alipoadhini, hujifunza humo kusimama, kuendesha kikao, kuandika muhtasari na kuheshimu saa. Haya ni mambo mema, na baadhi yake Waislamu tulipaswa kuwa walimu wake. Vilevile hatusemi kila aingiaye humo ameharibika. Tunachosema ni kwamba kila chombo kina kazi kiliyoundiwa. Jahazi huundwa kwa bahari, na jembe kwa shamba. Vyama hivi kazi yake kubwa ni kumwandaa kijana ili ampendeze mwajiri, na mwajiri anayegharimia chakula cha jioni na fulana zenye nembo, mara nyingi ni benki. Kwa hiyo tangu mwaka wa kwanza kijana wetu huonyeshwa mlango mmoja tu, hufundishwa namna ya kuubisha, na huambiwa kwamba aliyefunguliwa ndiye aliyefaulu. Akitoka chuoni amekwisha kusahau kuuliza nyuma ya mlango ule wanauza nini.

Laiti jumuiya zetu za wanafunzi wa Kiislamu zingekuwa zimeziba pengo hilo! Lakini tuseme kweli, ijapokuwa ni chungu. Jumuiya hizo zimefanya kazi tukufu. Zimepigania vyumba vya kuswalia, zimepigania hijabu, zimefuturisha wanafunzi, zimetoa vijana waliorudi vijijini wakiwa na darsa. Sisi tulio katika harakati za kurejea Qur'an na Sunna tunajua kwamba vijana wengi wa misimamo hii walitoka katika jumuiya hizo. Pamoja na hayo, jumuiya inapompata mwanafunzi wa uhasibu hufanya nini naye? Humpa sanduku la sadaka na kumwita mweka hazina. Mwaka unaisha, anakabidhi sanduku, basi. Elimu ya miaka mitatu imetumika kuhesabu michango ya futari.

Na lawama nyingine ni yetu sisi wenyewe tunaoandika katika jarida hili. Ni mara ngapi tumewaita vijana wa vyuoni katika semina tukawakalisha siku tatu juu ya urefu wa suruali, juu ya mahali pa kuweka mikono katika swala, na juu ya nani aitwe mzushi? Sikatai, kila jambo la Sunna lina uzito wake. Lakini aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, Al-Baqara aya ya 282, inahusu kuandika deni, kuweka mwandishi mwadilifu na mashahidi, na kutochoka kuandika deni liwe dogo au kubwa. Tumefanya semina ngapi juu ya aya hiyo? Mimi nimehudhuria semina nyingi, na sikumbuki hata moja.

Katika miji yetu hii hii ya pwani elimu ya dini na elimu ya soko hazikuwa zikitengana. Bagamoyo, makao makuu ya wilaya yetu ya zamani kabla ya Halmashauri ya Chalinze kuundwa, ilipata kumjua Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931. Aliletwa pwani akiwa mtoto mtumwa kutoka bara ya mbali, upande wa Kongo. Alianza na biashara ndogo ya samaki, akapata mashamba ya minazi, na akiwa na mali yake mwenyewe akasoma, akafungua madrasa iliyovuta wanafunzi kutoka mbali. Tunatofautiana naye katika mambo ya tarika, na hatufichi tofauti hiyo. Lakini nani kati yetu atakayekanusha kwamba madrasa ile ilisimama kwa kuwa mwenye nayo aliijua bei ya nazi? Leo madrasa zetu zinasimama kwa barua za kuomba msaada.

Huko mbali nako ipo mifano ya kutuonea haya. Mwaka 1963 wanafunzi wa Kiislamu waliokuwa wakisoma Marekani, wengi wao wageni wasio na kitu, walikutana katika Chuo Kikuu cha Illinois wakaunda jumuiya yao. Hawakuishia kwenye futari. Miaka kumi baadaye, mwaka 1973, jumuiya hiyo ilizaa amana ya wakfu ijulikanayo kama NAIT, ambayo kazi yake ni kushika hati za misikiti na shule ili zisiuzwe wala kunyang'anywa na mtu mmoja. Nani aliyewafundisha kuandika hati, kusajili amana na kutunza mali ya umma? Ni elimu ile ile ya darasani, ila walijipanga wakaielekeza kwenye haja ya umma. Linganisha na sisi: ni misikiti mingapi kutoka Msata hadi Mkange ambayo kiwanja chake hakina hati, bali kiko katika kumbukumbu za wazee wawili, na mmoja amekwisha kufariki?

Mwaka huo huo wa 1963, nchini Misri, Ahmed El-Naggar, aliyekuwa amesomea uchumi Ujerumani, alifungua benki ya akiba isiyo na riba. Hakuifungua Cairo penye mabalozi. Aliipeleka Mit Ghamr, mji wa wakulima katika delta ya mto Nile, mahali ambapo watu walificha fedha majumbani kwa kuchelea riba. Aliiona mifumo ya benki ndogo za akiba za Wajerumani, akachukua lenye manufaa, akaacha lililo haramu. Benki ile ilifungwa mwaka 1967, lakini mbegu ilikwisha kuota. Na huko Malaya, mwaka 1959, mwalimu wa uchumi wa chuo kikuu, Ungku Aziz, aliandika pendekezo la kuwanusuru mahujaji waliokuwa wakiuza mashamba na mifugo kwenda Makka, kisha wakirudi mafukara. Kutokana na karatasi yake ukaanzishwa mwaka 1963 mfuko wa akiba za mahujaji ambao leo unaitwa Tabung Haji. Msomi mmoja alitazama tatizo la mkulima mwenye kutaka kuhiji, akakaa chini, akapiga hesabu.

Sasa turudi Miono, maana hapa ndipo penye jambo.

Kuna biashara inayoitwa kangomba. Mkulima wa korosho au ufuta wakati wa palizi hana kitu ndani. Anakuja mtu na fedha taslimu, anampa kidogo, na wanakubaliana kwamba wakati wa mavuno atalipa kwa mazao. Kiasi hakipimwi vizuri, bei haitajwi au hutajwa kwa kunong'ona, na mavuno yakipungua deni huhamishiwa mwaka ujao likiwa limenenepa. Serikali inaipiga vita, nasi minbarini tunaiita dhuluma, na ni kweli ni dhuluma. Lakini mkulima anatuuliza swali ambalo hatujalijibu: wakati wa palizi nile nini?

Ndugu zangu, Mtume (s.a.w) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia tende mwaka mmoja au miwili kabla ya mavuno. Hakuifuta biashara hiyo. Aliiwekea masharti: kipimo kijulikane, uzani ujulikane, na muda ujulikane. Hiyo ndiyo salam, na hadithi yake imo katika Bukhari na Muslim. Wanazuoni wakaongeza kwamba bei ilipwe yote hapo hapo wakati wa kufunga mkataba, na sifa za zao zitajwe. Maana yake ni kwamba yule mkulima wa Miono anaweza kuuza kilo mia mbili za ufuta wake mwezi wa palizi, kwa njia ya halali, kwa bei waliyoridhiana, bila deni la kunenepa. Linalohitajika ni karatasi moja ya mkataba iliyoandikwa sawasawa, mtu wa kukokotoa bei isiyomdhulumu yeyote, na mtu anayejua namna ya kuuoanisha mkataba huo na mfumo wa stakabadhi ghalani uliotungiwa sheria mwaka 2005, ili mkulima asijikute amevunja sheria ya nchi akikimbia riba. Shekhe wa kijiji peke yake hawezi. Mhasibu asiyejua fiqhi naye hawezi. Wawili hawa wakikutana juu ya mkeka mmoja, inawezekana. Nani atawakutanisha?

Au chukueni suala la mikopo ya halmashauri. Kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2018, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejea mwaka 2024. Fikirini vizuri: fedha isiyo na riba, ya umma, iliyo haki yetu kama raia wengine. Lakini ili kikundi kiipate sharti kisajiliwe, kiwe na katiba, kiwe na akaunti, kiandike andiko la mradi lenye makisio ya mapato na matumizi. Kina mama wetu wa msikitini wanashindwa hapo kwenye andiko. Wakishindwa, wanakwenda kwa wakopeshaji wa mitaani ambao watu wenyewe wameipa mikopo yao jina linaloieleza kuliko hotuba yoyote: kausha damu. Nimewaona wanawake waliochukuliwa vyombo vya ndani, magodoro, hata sufuria, kwa deni la laki moja na nusu. Andiko la mradi, kwa mwanafunzi wa biashara wa mwaka wa pili, ni zoezi la jioni moja. Hulifanya kila muhula, la mradi wa kubuni, la kampuni isiyokuwapo, ili apate alama. Kisha hutupwa.

Dada zetu wanaosoma masomo hayo ndio wanaohitajika zaidi katika jambo hili. Wao wataingia uani, watakaa na kina mama, wataambiwa hesabu za kweli ambazo mwanamume hatoambiwa.

Lumbesa sitaieleza sana; kila mtu anaijua, na kila anayesoma Suratul Mutaffifin anajua hukumu ya wapunjao katika vipimo. Ila niseme tu kwamba hotuba tumetoa nyingi, na mizani hatujanunua hata mmoja.

Najua kuna watakaopinga, na baadhi yao wana nia njema. Atasema wa kwanza: kuunda jumuiya ya Waislamu katika masomo ya biashara ni kuleta udini vyuoni. Tunamjibu kwamba mzee yule angekuwa jirani yetu Mkristo, karatasi yake ingesomwa vilevile, na bila malipo. Wenzetu Wakristo nao wana vyama vyao vya wanafunzi, na Kanisa Katoliki lilianzisha Benki ya Mkombozi mwaka 2009. Hatukuona ajabu. Kila watu hutunza jumuiya yao, na nchi hainyong'onyei kwa hilo. Tena hatuwaambii vijana watoke katika vyama vingine. Wakae, wajifunze, wachukue kilicho chema, wasihudhurie penye maasi, na wakitoka hapo wawe na mahali pao pa kuitumia elimu hiyo.

Wa pili atasema: ukimkataza kijana asiende benki, atakula nini? Suali hili lina haki ya kujibiwa bila ukali. Kwanza, soko la fedha zisizo na riba si ndoto tena. Kenya ilipata benki zake mbili za Kiislamu mwaka 2008, Gulf African na First Community. Hapa kwetu Benki ya Amana ilianza kazi mwaka 2011, na benki nyingine za kawaida zimefungua madirisha ya huduma hizo. Madirisha hayo yanahitaji watu wanaojua murabaha ni nini na mudharaba ni nini, na mara nyingi huwakosa, wakawekwa watu waliosoma kijitabu siku tatu. Pili, kwa maoni yangu, benki hizo zenyewe bado ni za mjini. Mkulima aliye nje ya barabara kuu, anayeingilia Mandera kuja Miono kwa pikipiki, hazijamfikia. Atakayezifikisha ni kijana anayejua pande zote mbili. Hapo pana kazi, tena nyingi. Abdurrahman bin Awf (r.a) alipohamia Madina na kupewa nusu ya mali na ndugu yake wa Kiansari, aliomba aonyeshwe soko lilipo. Hakuomba aandikiwe barua ya kazi.

Wa tatu, na huyu ndiye anayenisumbua, ni ndugu yetu wa msimamo mkali atakayesema: masomo yenyewe ya biashara vyuoni yamejaa riba, basi vijana wayaache. Namwomba akumbuke suala la mikopo ya elimu ya juu. Kwa miaka kadhaa, hadi ilipofutwa mwaka 2021, wanufaika walitozwa asilimia 6 kila mwaka kwa jina la kutunza thamani ya fedha. Waislamu tulilalamika kwamba ni riba, na wapo vijana waliougua rohoni kwa sababu yake. Lakini hoja tuliyoitoa ilikuwa kelele. Aliyetujibu alisema shilingi inashuka thamani, hivyo asilimia ile si nyongeza bali ni fidia, na wengi wetu tuliishia hapo, hatukuwa na la kusema. Kumbe jibu lilikuwapo tangu mwaka 1988, Baraza la Fiqhi la jumuiya ya nchi za Kiislamu lilipokutana Kuwait na kuamua kwamba deni la fedha hulipwa kwa idadi yake, si kwa thamani yake. Uamuzi huo unagusa mfumuko wa bei, faharasa za bei, mambo yanayosomwa katika darasa la uchumi. Mwanafunzi Mwislamu wa uchumi aliyejua fiqhi angeliandika waraka wa kurasa nne, ukasomwa na wakubwa, ukajibiwa kwa hoja. Sikuuona waraka huo. Sasa ndugu yangu, tukiwatoa vijana katika masomo hayo, waraka utaandikwa na nani? Sayyidna Umar (r.a) aliagiza asiuze katika soko lao ila aliyefahamu dini. Hakuagiza aliyefahamu dini atoke sokoni.

Basi tunachokitaka ni kitu gani? Si jengo, wala si mkutano mkuu wenye mgeni rasmi. Katika kila chuo chenye masomo ya biashara, wanafunzi wa Kiislamu wa uhasibu, fedha, masoko, ugavi na uchumi wajitambue, wakutane mara moja kwa juma, nusu ya saa wasome fiqhi ya miamala kwa mwalimu anayeijua, na nusu ya pili wafanye kazi moja ya kweli iliyoletwa na msikiti mmoja wa kweli. Waliopo Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, kilichoanza mwaka 2005, na wale wa Chuo Kikuu cha Zanzibar huko Tunguu, wana wepesi zaidi kwa kuwa wanazuoni wako nao uwanja mmoja. Hao ndio wangetangulia, na si vibaya kuwauliza kwa nini hawajatangulia. Jumuiya zilizopo za wanafunzi na za wanataaluma wa Kiislamu ziwape kivuli, zisiwameze.

Na wakati upo. Likizo ndefu ya vyuo huanza minada ya ufuta ingali inaendelea. Vijana wale wale wanaotafuta mahali pa kufanyia mazoezi ya vitendo, wakipanga foleni katika ofisi za mjini wapewe kazi ya kutoa nakala na kuchemsha chai, wangeweza kukaa vijijini majuma matatu: Kiwangwa kwenye mananasi, Miono kwenye ufuta, Saadani na Matipwili kwa wavuvi na wafugaji. Wasome karatasi za watu. Waandike maandiko ya miradi ya kina mama. Wakague hesabu za misikiti, ndiyo, na hizi za kwetu zikaguliwe kwanza, maana zipo kamati zinazokula amana ya Mwenyezi Mungu kwa kuwa hapana anayejua kuuliza stakabadhi. Najua sentensi hiyo itanigombanisha na baadhi ya wazee wangu. Wanisamehe, na waonyeshe daftari.

Kijana yule tuliagana naye siku ya Jumapili, kituo cha pikipiki. Amesema atazungumza na wenzake watatu, mmoja wa ugavi na wawili wa uhasibu, waje pamoja likizo ijayo, Insha'Allah. Ameuliza watalala wapi. Chumba cha nyuma ya msikiti kina mikeka na chandarua kimoja. Vingine vitatu vinatafutwa, na mwenye navyo amwone bilali. Mzee wa karatasi ameahidi chakula cha siku ya kwanza. Daftari la mapato na matumizi la msikiti huu, tangu mwaka paa lilipoezuliwa na upepo hadi leo, liko kabatini kwa imamu, na imamu ameridhia lifunguliwe.

Wabillahi tawfiq.